Kidirisha Cheusi na Nyanya za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Leo nimetoka rasmi matopeni na kuingia kwenye sayansi ya kisasa.

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi akatangaza kwamba taasisi yetu inaanzisha kitengo cha kuchambua vinasaba kwa kompyuta. Kitengo kinatafuta mkuu. Kazi ya kuwapima wanaotaka ni hii: bakteria anayenyausha nyanya. Udongo umeshachukuliwa mashambani, mashine imeshasoma vinasaba, na data imelala ndani ya seva ikingoja mwenye akili. Mawasilisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Akauliza nani anajua kutumia kidirisha cheusi, kile kisicho na picha wala vitufe, unaandika amri tu.

Mkono wangu ukapanda. Sikuutuma. Ulijipandia wenyewe.

Sijawahi kukitumia kidirisha hicho. Lakini vidole ninavyo, na nimechoka kuitwa Bwana Shamba. Miaka yote hii napita mashamba ya watu nikikagua majani yenye madoa, huku wenzangu wanazunguka kwenye viti vya magurudumu na kupulizwa na kiyoyozi. Kwani wao walizaliwa na kompyuta mgongoni?

Miwani naye alinyoosha mkono. Huyu ni jirani yangu wa meza, dada wa miwani mikubwa na maneno machache. Ana tabia moja mbaya sana: anajua anachokisema. Mkurugenzi akatugawia. Yeye sampuli za bondeni, mimi za mlimani. Tutaona.

Nyumbani nikamtangazia mke wangu. Dada yake alikuwepo, yule shemeji yangu mkulima wa nyanya. Shamba lake liko mlimani. Msimu uliopita nyanya zote zilinyauka zikiwa bado kijani kibichi, na udongo wake umo kwenye sampuli zangu. Akataka kujua kama ugonjwa bado upo, maana ana miche kitaluni na imeshafika kimo cha kuhamishwa. Nikamwambia alale usingizi, jibu atalipata wiki hii hii.

Mke wangu akauliza tangu lini najua mambo ya kompyuta. Nikamwambia yako mengi asiyoyajua kuhusu mimi. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumanne, 4 Machi

Hujuma!

Mtu wa Seva, jamaa anayelinda mitambo kwenye chumba cha baridi akiwa amevaa sweta na skafu, kanipa jina la kuingilia na nenosiri. Nikaandika jina. Likaonekana. Nikaandika nenosiri. Halikuonekana. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Tupu. Hata nukta!

Nikaelewa palepale. Kibodi imeuawa, na muuaji amekaa upande wa pili wa meza. Nikangoja Miwani aende kula, nikabadilisha. Yake kwangu, yangu kwake. Nikaandika tena. Tupu! Kumbe ameharibu zote mbili ili asishukiwe. Mjanja huyo.

Nikashuka kwa Mtu wa Seva na kibodi kwapani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema nenosiri huwa halionekani likiandikwa, ni makusudi, ili anayesimama nyuma yako asilisome. Nikauliza sasa mbona hata mimi nafichwa. Akasema mimi nimelikosea mara nyingi mno, akaunti imejifunga, na ataifungua akishamaliza kucheka. Aliniomba nisimame nje.

Miwani aliporudi akalalamika kwamba kibodi yake inanata. Ni kweli, ile yangu imeshakunywa chai nyingi. Nikamshauri aifute na kitambaa chenye unyevu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia!

Kidirisha hiki hakina adabu. Hakisalimii. Kimeweka kialama kinachopepesa, basi, kama karani wa dirishani anayekungoja useme shida yako uondoke. Nikaandika: fungua nyanya. Kikajibu kwa Kiingereza kwamba hakijui amri hiyo. Nikaongeza tafadhali. Vilevile.

Mkakati: kumchungulia Miwani. Kumuuliza ni kujishusha. Nikaleta kioo cha kunyolea kutoka nyumbani, nikakiegemeza kwenye kopo la kalamu, nikakielekeza kwenye skrini yake. Kila akiingia anaanza na herufi mbili tu. Nikazinakili vizuri: sl.

Treni! Naapa. Treni iliyochorwa kwa herufi, na moshi wake, ikakatiza skrini yangu kutoka kulia kwenda kushoto. Na hapo hapo, nyuma yangu, viatu vya Mkurugenzi. Vikasimama. Akauliza ni nini hicho. Nikajibu ni data ya mlimani, inasafirishwa. Akatikisa kichwa kwa heshima na kuendelea na safari yake.

Baadaye Miwani akaniambia, bila kugeuza shingo, kwamba amri yenyewe ni ls, inaorodhesha mafaili, na kwamba kioo hugeuza maandishi. Treni ni utani wa Mtu wa Seva kwa wanaokosea. Nikamwambia kioo kile ni cha ndevu. Akasema sina ndevu.

Wivu. Treni yake haijawahi kusifiwa na mkubwa yeyote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua amri iitwayo cat. Ukiiandika pamoja na jina la faili, inakumwagia kila kilichomo. Faili langu la mlimani ni kubwa ajabu. Herufi A, C, G na T zilianza kuporomoka kwenye skrini kama mvua ya mawe. Sikujua namna ya kuzizuia. Halafu nikajiuliza, ya nini kuzizuia?

Nikajiegemeza kwenye kiti. Nikakunja mikono. Nikakaza macho kidogo. Kila aliyepita alinyata. Mhasibu alileta chai mwenyewe, hajawahi. Kufikia mchana Mkurugenzi alikuja na wageni wawili wenye tai, akawaambia huyu ndiye mtaalamu wetu. Mgeni mmoja akauliza ninaona nini humo. Nikasema, taratibu, kama daktari: mnyauko. Wakatazamana.

Miwani alingoja wageni watoke, kisha akaninong'oneza kwamba siwezi kusoma faili lote namna ile, nitumie head. Nikamjibu kichwa ninacho na ninakitumia, yeye akitumie chake. Akasema head ni amri, inaonyesha mistari ya mwanzo tu. Nikamwambia najua. Sikujua, lakini yeye hana namna ya kujua kwamba sikujua.

Mvua ya herufi iliendelea hadi muda wa kutoka. Nikazima skrini. Kazi nzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nina matokeo!

Asubuhi niliamua kuhesabu. Miwani, ambaye siku hizi ananieleza vitu bila kuulizwa, alisema kila mfuatano wa vinasaba katika faili unaanza na mshale, huu hapa: >. Ukitaka kujua iko mingapi, tumia amri ya grep kuhesabu mishale. Ila mshale uufunge ndani ya alama za kunukuu. Akarudia: alama za kunukuu, kaka, usisahau.

Nikalifikiria hilo. Kunukuu ni kwa maneno ya mtu. Mshale haukusema kitu. Nikaziacha.

Nikaandika grep, mshale, jina la faili. Kidirisha kikanijibu kwa mistari ya Kiingereza kunieleza namna grep inavyotumika. Sikuuliza, lakini asante. Kisha nikaorodhesha mafaili pamoja na ukubwa wake. Jana mbele ya faili langu palikuwa na tarakimu ndefu kama namba ya simu. Leo: 0.

Sifuri! Nilikaa nikaitazama. Hesabu imefanyika, na jibu ni sifuri. Hakuna bakteria mlimani! Wengine wangehitaji wiki nzima. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alikuja nyumbani. Nikamkalisha, nikamletea maji, nikasafisha koo. Nikamwambia sayansi imesema. Sifuri.

Alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia kompyuta haina undugu na mtu, haiwezi kumpendelea. Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Tangu msimu ule uharibike alikuwa hapiti njia ya shambani, alisema, anazunguka kwa nyuma ili asiione. Sasa ataita vibarua, na Jumanne miche yote inaingia ardhini.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akauliza kama bakteria ni sifuri, nyanya za mwaka jana ziliuawa na nani. Nikamwambia kuna jua, kuna upepo, kuna mambo. Akasema jua hilo mbona halikunyausha mahindi ya jirani. Nikamwambia huo si utaratibu wa kuuliza maswali ya kisayansi.

Anakunja nguo kwa namna fulani akiwa haniamini. Anazipiga makofi.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuizungumzia siku ya leo. Nitaizungumzia kidogo.

Miwani alitazama skrini yangu akauliza kwa nini faili la mlimani ni tupu. Nikamrekebisha: si tupu, ni safi. Akavua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani, ana macho madogo ya huruma. Akanieleza kwamba mshale usiofungwa kwenye alama za kunukuu ni amri. Maana yake: mimina matokeo ndani ya faili hili. Na kabla ya kumimina, mashine humwaga kwanza kilichokuwemo. Ni kama mtu anayemwaga ndoo ya maji kabla ya kuuliza kama bomba linatoka.

Kwa hiyo sikuhesabu data. Niliifuta. Yote. Sifuri ile ilikuwa ya ndoo, si ya ugonjwa.

Shemeji! Nikampigia. Hapatikani. Yuko mlimani, na kule mtandao ni wa kubahatisha. Nikapiga tena na tena mpaka yule mama wa kwenye simu akaanza kunisikika kama jamaa wa karibu.

Nikawaza kiume. Kwanza niokoe data, data ndiyo kila kitu. Faili la Miwani la bondeni liko kwenye folda yetu ya pamoja, zima, limenona. Bakteria ni bakteria, wa mlimani na wa bondeni watakuwa wanafahamiana. Nitanakili lake juu ya langu, hakuna atakayejua. Amri ni cp, kisha mafaili mawili. Lipi litangulie? Nikatanguliza langu. Mwenye shida ndiye anayepiga hodi kwanza, si ndivyo?

Sivyo. Linalotangulia ndilo linalonakiliwa. Linalofuata ndilo linalofunikwa. Utupu wangu umeingia kwenye faili la Miwani na kukaa.

Sasa mabonde yote na milima yote ni sifuri. Upande mzuri: matokeo yetu yanalingana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa ya dharura ya kifamilia, ambayo ni kweli kabisa. Nikapanda mlima kwa miguu kuanzia pale gari linapogeuzia. Nilifika shambani nikihema kama pampu ya baiskeli. Vibarua walikuwa wameshapanda matuta ya juu. Shemeji alikuwa katikati, khanga imefungwa kiunoni, mkononi ana mche.

"Shemeji, simamisha!"

"Nisimamishe nini? Si umesema sifuri?"

"Ile sifuri ilikuwa ya awali."

"Sifuri nayo ina awali?"

Vibarua wakaegemea majembe yao kusikiliza. Niliona maelezo ya mshale na alama za kunukuu hayatafika mbali kwenye upepo ule. Nikatazama huku na huku. Pembeni mwa shamba palikuwa na nyanya zilizojiotea zenyewe kutokana na msimu uliopita, na mche mmoja ulikuwa umelegea, majani yananing'inia, lakini bado ni kijani. Mikono yangu inaujua mche wa namna hiyo. Nikamwomba shemeji glasi ya maji safi. Nikakata shina kwa kisu, nikalining'iniza ndani ya maji, tukachuchumaa wote kuzunguka glasi.

Hatukungoja sana. Kutoka kwenye shina zikaanza kuteremka nyuzi nyeupe, nyembamba, kama maziwa yanayovuja. Bakteria wenyewe hao, wanatoka kwa miguu yao.

Shemeji aliukalisha mche aliokuwa nao juu ya tuta, akakaa kando yake. Niliogopa atalia. Hakulia. Alisema tu, "Ingekufa tena yote." Nikabaki nimeshika glasi.

Kisha akainuka akaanza kutoa amri. Miche iliyokwisha kugusa udongo ikang'olewa na kuchomwa. Iliyobaki, ambayo ni mingi, ikabebwa hadi kipande chake kingine, nyuma ya nyumba, kilichokuwa na mahindi. Nilibeba trei mpaka mabega yakalia. Kule shambani ataotesha mahindi, misimu kadhaa, mpaka ugonjwa ukose chakula.

Tulipomaliza akanitazama. "Hiki kitu cha glasi ulikuwa unakijua tangu lini?"

"Tangu chuoni."

"Sasa wiki nzima ulikuwa unatafuta nini kwenye kompyuta?"

"Kompyuta inaona kwa undani zaidi, shemeji."

"Mimi undani huu umenitosha."

Masikini. Hawezi kuelewa. Glasi ya maji haina hata waya.

Jumatano, 12 Machi

Miwani aliniuliza kwa upole mno kama najua kwa nini faili lake ni sifuri tangu Jumatatu. Nikamwambia nilikuwa nalilinda. Akauliza dhidi ya nani.

Hakugombana. Alishuka kwa Mtu wa Seva, ambaye kumbe huhifadhi nakala ya kila kitu mahali pengine, na yote mawili yakarudishwa kabla skafu yake haijakaa sawa shingoni. Tangu juzi nilikuwa naogopa bure! Nimeandika hili kwa makini: kuna nakala.

Halafu Miwani akavuta kiti akanifundisha. Mshale ndani ya alama za kunukuu. Kwenye cp, chanzo mbele, kinachopokea nyuma. Kabla ya kugusa faili la data, lifunge lisiandikike. Na usifanye jambo kwenye folda ya pamoja kabla hujalijaribu kwenye folda yako. Anafundisha vizuri, taratibu, bila kukunja pua kama wengine. Nilitikisa kichwa kila alipotua. Nusu ya kwanza niliisikiliza. Nusu ya pili nilikuwa natunga hotuba ya Ijumaa.

Nikamhadithia ya glasi, ili ajue nami nina yangu. Akaacha kuandika. Akataka nimweleze tena, hatua kwa hatua.

Ijumaa, 14 Machi

Mawasilisho. Nilivaa koti.

Miwani alitangulia. Michoro, rangi, matawi ya koo za bakteria, bondeni na mlimani. Ilionekana wazi kwamba bakteria wa pande zote mbili ni ukoo mmoja, maana wafanyabiashara wa miche huhama na udongo wao. Nilisema mimi kwamba wanafahamiana!

Zamu yangu. Nilikuwa na hotuba juu ya mustakabali wa kidirisha cheusi. Lakini Mkurugenzi alinikatiza, akasema amesikia kuna jambo la glasi. Nikamtazama Miwani. Akawa anafuta miwani. Basi nikaagiza glasi, nikatoa shina nililobeba mfukoni likiwa limefungwa kwa plastiki, nikaonyesha. Ukumbi mzima ukaacha viti. Wageni wenye tai walipiga magoti sakafuni kutazama nyuzi. Mmoja akasema mkulima yeyote anaweza kufanya hivi nyumbani. Nikasema ndiyo, kwa masikitiko.

Miwani kawa mkuu wa kitengo. Mimi nimepewa jukumu la kuzunguka mashambani kuwafundisha wakulima kipimo cha glasi, na ombi limetoka kwake yeye. Nimeuona mtego. Ananiogopa, anataka niwe mbali na seva.

Mke wangu kafurahi kupita kiasi. Amekunja nguo zangu za safari bila kuzipiga makofi.

Jumatatu, 17 Machi

Kabla ya kuondoka kwenda mashambani niliona vyema nimwachie mkuu mpya zawadi. Uungwana hautaki makuu.

Seva inakaribia kujaa. Miwani amelalamika hivyo tangu asubuhi: folda ya pamoja imejaa mafaili ya zamani yanayoishia na .bak, na siku akipata nafasi atayafuta. Amri ni rm. Nilimsikia akimweleza Mtu wa Seva kwenye simu kwamba nyota (*) humaanisha kila kitu kilichopo, kwa hiyo ishikane na .bak, isiachwe imesimama peke yake.

Akaenda kikaoni. Nikakaa kwenye kiti changu, kwa mara ya mwisho kabla ya vumbi. Nikaingia kwenye folda ya pamoja. Nikaandika rm, nikaandika nyota, nikaacha nafasi, nikaandika .bak. Nafasi niliiacha makusudi. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kuacha nafasi kati ya maneno, na watu wa kompyuta huandika vitu vimebanana kama hawakusoma.

Kwa baadhi ya mafaili, yale yaliyofungwa, mashine iliniuliza kama kweli nataka kuyafuta. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena, ndiyo. Tena, ndiyo. Mtu mwenye uhakika hababaiki. Mwishoni ikanijulisha kwamba haijaona faili lolote liitwalo .bak.

Bila shaka halipo. Nimeshalifuta!

Nikaorodhesha kukagua. Folda inang'aa, haina hata chembe. Nimemwachia Miwani kikaratasi juu ya kibodi: Nimekusafishia, hakuna haja ya kunishukuru. Gari la mashambani linapiga honi. Kazi ya kompyuta ni rahisi sana ukishaielewa.